Naondoa kompyuta za zamani za steshenari, zimejaa nyaraka za wateja. Nizifanyeje?

MamaSteshenari_Moro

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari hapa Morogoro, jirani na mahakama ya mwanzo. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani, tunawajazia watu fomu za mtandaoni: maombi ya ajira, bodi ya mikopo, pasipoti, vyeti vya RITA. Sasa nabadilisha mashine. Nina sipiyu nne za zamani, laptopu moja ambayo haiwaki kabisa, monita mbili za kichogo na mashine kubwa ya fotokopi niliyoinunua ya mtumba. Hizo sipiyu zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft wameacha kuihudumia tangu Oktoba 2025, na Windows 11 hazipokei.

Amekuja kijana wa skrepa, anataka kubeba vyote kwa mkupuo na hela anayo mkononi. Shemeji yangu anasema nifute mafaili, nipige fomati, niuze, basi. Mimi moyo umekataa. Ndani ya hizo mashine kuna talaka, wosia, mikataba ya kuuziana viwanja, vyeti vya kifo, namba za vitambulisho vya NIDA, picha za pasipoti za watoto wa watu. Wapo kina mama waliokuja wanalia, nikawachapia malalamiko yao ya ndoa neno kwa neno. Walinieleza mimi. Hawakumweleza mnunuzi wa chuma chakavu.

Naomba mwenye ujuzi anijibu kwa lugha ya kawaida. Fomati inatosha? Ile laptopu iliyokufa ina hatari yoyote? Na fotokopi, nayo inatunza vitu ndani yake?

---

Kijana_wa_Mjini

Mama, unajipa presha bure. Nani ana muda wa kutafuta talaka ya mtu kwenye sipiyu chakavu? Piga fomati, uza, maisha yaendelee.

---

FundiKkoo

Mama MamaSteshenari, habari za leo. Mimi ni fundi kompyuta Kariakoo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mashine za mtumba zinazoshuka kwenye makontena kutoka Ulaya na Dubai. Nitaandika kirefu kwa sababu swali lako ni zito, na wenye maduka kama lako wangeliuliza wengi zaidi ningefurahi.

Nianze na mkuu aliyenitangulia. Wanaotafuta wapo, na kazi hiyo haiwagharimu muda. Programu za kurudisha mafaili zinapatikana bure. Unachomeka diski, unaiamuru isome, unaenda kunywa chai, ukirudi orodha imejaa. Kuna mteja aliniletea kompyuta yake ya mtumba akilia kwamba kazi zake zimepotea. Nikaendesha programu. Kazi zake zilirudi, na pamoja nazo vikarudi vitu vya mwenye mashine wa kwanza, huko Ulaya: mishahara ya ofisi nzima, akaunti za benki, barua ya mtu anaomba likizo huku akimweleza bosi wake ugonjwa unaomsumbua. Mashine ile ilikuwa imepigwa Windows upya kabla ya kuletwa nchini. Yule mgonjwa hajui mpaka leo kwamba siri yake ilisomeka kwenye meza yangu. Nilifuta, lakini si kila meza inafuta.

Wala si mashine moja tu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT kule Marekani walitoa matokeo ya diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizosafishwa sawasawa? 12. Ndani ya nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, barua za mapenzi na taarifa za wagonjwa. Wengi wa waliouza waliamini wameshafuta.

Sababu yake ni hii. Ukifuta faili, au ukipiga ile fomati ya haraka, kompyuta inachana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu chenyewe na kurasa zake zote. Haioni tena kitu kipo wapi, kwa hiyo inakuambia pako wazi. Maandishi yanabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwenye diski kubwa, sehemu nyingine zinaweza kukaa miaka bila kuandikwa kitu.

Sasa la kufanya. Kama hutakumbuka lingine katika haya yote, kumbuka hili: diski haiuzwi pamoja na mashine. Kabla kijana wa skrepa hajagusa chochote, toa diski zote. Sipiyu ya mezani haina maajabu. Chomoa umeme, fungua ubavu, utaona kidude cha chuma chenye ukubwa wa kitabu kidogo, kina nyaya mbili na skrubu nne. Kitoe. Angalia vizuri kama kuna cha pili, maana baadhi ya mafundi wa mtaani huongeza diski na kuiacha ile ya kwanza ndani. Fungua na mlango wa CD, mara nyingi kuna CD ya mtu imesahaulika humo. Sipiyu bila diski kijana atakupunguzia bei kidogo. Kubali. Hiyo tofauti haifiki thamani ya talaka ya mtu mmoja.

Ukishazitoa, unazisafisha kwa kuandika sifuri juu ya kila sehemu ya diski, mwanzo hadi mwisho. Njia mbili ninazozitumia mimi:

Ya kwanza haihitaji kupakua kitu. Unaichomeka diski ya zamani kwenye kompyuta nzima kwa kebo ya kugeuza SATA (mdomo wa diski) kuwa USB (Kariakoo zipo tele, na Morogoro mjini hutakosa). Unafungua kile kidirisha cheusi cha amri kama msimamizi, unaandika `diskpart`, kisha `list disk`. Zitatokea diski zote na ukubwa wake. Hapa tulia. Tambua ya zamani kwa ukubwa wake, mathalani hii ni ya GB 250 na ile ya kompyuta yako ni GB 500. Andika `select disk` na namba yake, kisha `clean all`. Hilo neno la mwisho ndilo lenye kazi. Ukiandika `clean` peke yake, inafuta mipaka tu na mafaili yanabaki. Ukiweka `all`, inaandika sifuri kila mahali. Skrini itakaa kimya saa nzima au zaidi kutegemea ukubwa na uzee wa diski. Usiifunge ukidhani imekwama.

Ya pili ni ShredOS, programu ya bure. Unaiweka kwenye flashi, unawasha nayo mashine, inakuonyesha diski zilizopo, unachagua, inasafisha. Hii ni nzuri kama una mashine nyingi, ila chomoa kwanza diski yoyote usiyotaka iguswe.

Kuna watu watakuambia ni lazima uandike juu mara saba, wengine mara 35. Hiyo 35 imetokana na andiko la mwaka 1996 lililohusu diski za teknolojia ya wakati ule. Kwa diski za sumaku za leo, hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inasema kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha. Usikeshe bure.

Haya yote ni kwa diski zile zinazozunguka, na sipiyu za umri huo karibu zote ndizo zilizo nazo. Ukikuta SSD, yaani nyepesi, bapa, haina kitu kinachozunguka, mambo yanabadilika. SSD ina akiba ya nafasi ambayo kompyuta haiioni, na inahamisha maandishi yenyewe kutoka chumba kimoja kwenda kingine ili vyumba visichakae mapema. Ukiandika sifuri juu, kuna vyumba hufiki. Hiyo inasafishwa kwa amri yake maalumu, ambayo ipo kwenye programu ya aliyeitengeneza, na kompyuta nyingi mpya zinayo kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka). Na usiipitishe kwenye sumaku ukidhani umemaliza, sumaku haifanyi lolote kwa SSD.

Laptopu iliyokufa. Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Laptopu ikifa, mara nyingi kilichokufa ni mfumo wa kuchajia, kioo au ubao wa ndani. Diski yake inaweza kuwa hai kabisa. Kwa mwizi wa taarifa, laptopu isiyowaka na inayowaka ni sawa, yeye anataka diski tu. Igeuze, itoe betri, toa diski, ichomeke kwa ile kebo. Ikisomeka, isafishe kama nyingine. Isiposomeka, hapo ndipo nyundo inaingia. Ifungue, utaona visahani vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hivyo ndivyo vilivyobeba maandishi. Vitoboe kwa drili au vipinde mpaka visizunguke tena. Vya laptopu vingi ni vya kioo na hurukaruka vikipasuka, kwa hiyo ifunge diski kwenye gunia, vaa miwani na glovu, mtoto asisogee. Kama ni SSD imekufa, hakikisha unapasua vile vipande vyeusi vyenyewe. Kupasua ganda la nje hakusaidii.

Usichome moto. Usichome chochote katika hivi. Moshi wa plastiki hizo ni sumu, na betri ya laptopu ikitobolewa au ikipata joto inaweza kulipuka.

Fotokopi sasa. Ndiyo, mama, ina kumbukumbu. Zile kubwa za ofisini za kidijitali, hasa zinazoskani na kuchapa kupitia mtandao, nyingi zina diski ndani kama ya kompyuta, na huhifadhi picha za karatasi zinazopita. Kule Marekani kampuni moja ya bima ya afya ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 mwaka 2013 kwa sababu ilirudisha fotokopi za kukodi bila kufuta taarifa za wagonjwa. Ingia kwenye menyu ya msimamizi, tafuta sehemu ya usalama au ya kufuta diski. Ikidai nenosiri ambalo hukupewa, mwite fundi wa fotokopi akufungulie na aitoe hiyo diski mbele yako. Printa ndogo za mezani nyingi hazina diski, hizo zisikusumbue.

---

Karani_Dodoma

Fundi amemaliza upande wake, niongeze wa sheria kwa kifupi.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwenye steshenari anayepokea NIDA, vyeti na mikataba ya watu na kuvitunza kwenye kompyuta yake anaangukia humo. Wajibu wa kuzilinda taarifa hizo hauishi siku mashine inapouzwa. Ukimpa mtu mwingine kazi ya kuziharibu, bado swali linarudi kwako.

Mfano mkubwa ni benki ya Morgan Stanley. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza dola milioni 35. Benki ilikuwa imeikabidhi kampuni ya kuhamisha mizigo, isiyo na uzoefu wowote wa kuharibu data, kazi ya kuondoa maelfu ya diski na seva zake. Vifaa vikaishia kuuzwa kwenye mnada wa mtandaoni, vingine vikiwa bado na taarifa za wateja. Sasa kama benki ya ukubwa ule ilimwamini mbeba mizigo, usishangae shemeji anavyomwamini mtu wa skrepa.

Kwa hiyo mama, andika kwenye daftari: namba ya kila diski (imechapwa kwenye lebo yake), tarehe, imesafishwa au imevunjwa, na nani alishuhudia. Karatasi moja tu. Siku ukiulizwa, utakuwa na cha kuonyesha.

---

Saiba_Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Nina saiba mtaani, na wateja wangu ni walewale wa mama: PIN ya KRA (ya kodi), eCitizen (huduma za serikali mtandaoni), barua za kazi, fomu za shule. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na imetufunza kuwa waangalifu.

Baada ya kusafisha, mabaki tunayapeleka WEEE Centre hapa Nairobi. Wanatenganisha plastiki, chuma na mbao za elektroniki, na ukihitaji cheti cha kuonyesha vifaa vimeharibiwa, unawaomba. Rwanda nao wana mtambo mkubwa kule Bugesera. Kwenu, uliza ofisi ya kanda ya NEMC, wasimamizi wa mazingira, ikutajie wenye kibali, kwa sababu nasikia mna kanuni za taka za kielektroniki za tangu 2021. Mwenye kibali atakuonyesha karatasi bila kukasirika.

Ninasisitiza hili kwa sababu ya zile monita za kichogo. Kioo chake kina madini ya risasi, tena si kidogo. Mtu wa skrepa anachotaka humo ni shaba. Atapasua kioo, atachoma nyaya ili plastiki itoke, na kinachobaki kitalala karibu na mtaro ambao watoto wanachezea. Mama, usimpe hizo hata kama anaongeza pesa.

Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski kuukuu sokoni Ghana. Moja ikawa na nyaraka za mikataba ya ulinzi ya serikali ya Marekani. Diski husafiri mbali.

---

MamaSteshenari_Moro

Ndugu zangu, Mungu awabariki. FundiKkoo, nimesoma maelezo yako kwa sauti kijana wangu wa dukani akisikiliza. Sipiyu zote zimeshafunguliwa, na kweli moja ilikuwa na diski mbili. Kijana wa skrepa nimemwambia asubiri, amenuna kidogo.

Nina maswali. Umeme ukikatika katikati ya kusafisha, inakuwaje? Halafu kuna wateja hurudi baada ya muda mrefu kuomba nakala ya mkataba wao. Nikifuta kila kitu nitawajibu nini? La mwisho, sipiyu mbili bado zina nguvu, shule ya sekondari ya kata wanaziomba. Ni salama kuwapa?

---

FundiKkoo

Umeme ukikatika, diski haiharibiki, ila kazi inaanza upya. Usidhani nusu iliyosafishwa inatosha. Ukiwa na laptopu nzima yenye betri nzuri, fanyia humo.

Wateja wanaorudi: nitakuambia ninavyoona, na Karani atanisahihisha. Steshenari si ofisi ya kumbukumbu. Mkataba ukishachapwa na mteja ameusaini, nakala yake anayo yeye na shahidi wake. Wewe kuendelea kuukalia ni mzigo kwako na hatari kwake. Kama kuna kazi zisizokwisha, zihamishie kwenye diski moja ya nje, uifunge kwa nenosiri kupitia BitLocker (ipo kwenye Windows Pro), uitie kabatini. Mengine yaache yaende. Na kwenye mashine mpya weka utaratibu: jioni kabla ya kufunga duka, folda ya kazi za siku inasafishwa, folda ya skana na ile ya vilivyopakuliwa pia. WhatsApp ya kompyuta ndiyo usiisahau kabisa, maana wateja wanatuma vyeti vyao humo na vinabaki. Mteja akija kuomba nakala, mwambie ukweli kwamba hutunzi. Wengi watakuheshimu zaidi.

Shule wape, tena kwa moyo. Usafishe diski, irudishe, weka Linux Mint au Lubuntu badala ya Windows, ni za bure na mashine za umri huo zinazibeba vizuri kuliko Windows 10. Watoto watajifunza kuandika na kutumia jedwali bila shida yoyote.

Kabla hujasafisha hizo diski, toka kwanza kwenye akaunti zote zilizo wazi: Gmail, portali ya ajira, na akaunti za wateja waliokuachia nenosiri ulikumbuke kwa niaba yao. Hao wapigie wabadilishe.

---

Kijana_wa_Mjini

Fundi, nimekuelewa, na mama naomba radhi kwa haraka yangu. Je, simu? Ninauza Android yangu wiki hii.

---

FundiKkoo

Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Ondoa akaunti ya Google kwenye mipangilio, la sivyo aliyenunua atakupigia usiku simu imejifunga. Kisha irudishe kwenye hali ya kiwandani. Simu zilizotoka na Android 6 kwenda juu nyingi hufunga data kwa ufunguo tangu zikiwa mpya, kwa hiyo ukiirudisha hivyo, ufunguo unapotea na kilichobaki hakisomeki. Kama ni ya zamani zaidi ya hapo, washa kwanza ulinzi huo kwenye mipangilio ya usalama, isubiri imalize, ndipo uirudishe.

---

MamaSteshenari_Moro

Swali moja tu, fundi. `clean all` imemaliza kwa diski ya kwanza. Nitajuaje kweli imeisha?

---

FundiKkoo

Safi sana. Usiipige fomati bado. Weka programu ya kurudisha mafaili, kwa mfano PhotoRec, ni ya bure, uielekeze kwenye hiyo diski na uiache isome mpaka mwisho. Isipoleta faili hata moja, andika kwenye daftari lako namba ya diski na tarehe, kisha anza na ya pili. Ikileta chochote, nitumie picha ya skrini hapa, lakini ziba majina ya watu.